Maisha ya Northcote, Ambaye Wakisii Walimwita Nyarigoti

Wasomaji wetu wamezoea kuona katika kurasa hizi maisha ya maulama na watu wema waliotutangulia. Mara hii tumemchagua mtu ambaye hakuwa wa dini yetu wala wa nchi yetu, naye si mtu wa kusifiwa kwa kila alilolitenda. Ni Mwingereza aliyekuja Afrika Mashariki akiwa kijana, akapewa amri juu ya watu asiowajua, akachomwa mkuki mgongoni, akapona, kisha akapanda vyeo mpaka akawa gavana katika nchi mbili za mbali. Tumemchagua kwa sababu habari yake ina faida kwa kila aliyekabidhiwa watu, akiwa ni mwalimu wa chuo au mkuu wa shule, imamu au mzee wa mtaa, au baba ndani ya nyumba yake. Watu hawa husoma mambo mengi kabla ya kushika kazi zao, lakini elimu moja huwapita wengi wao, nayo ni elimu ya nafsi: kuijua yako inapoghadhibika au kuogopa, na kuijua ya mwenzako anapokunyamazia.

Geoffry Alexander Stafford Northcote alizaliwa mwaka 1881. Ukoo wake ulikuwa na jina katika siasa za Uingereza, naye akasomeshwa katika skuli nzuri na kisha katika chuo cha Balliol huko Oxford, mahali ambapo serikali ya Kiingereza ilizoea kuchukua vijana wa kwenda kutawala ng'ambo. Mwaka 1904 akaingia katika kazi ya serikali ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Umri wake ulikuwa miaka 23.

Hakuwa mvivu wala mjinga. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa upande wa Nyanza, na huko akajifunza habari za Wajaluo, mila zao na desturi zao, akaandika makala iliyochapwa London mwaka 1907 katika jarida la chama cha wataalamu wa habari za watu. Twalitaja jambo hili kwa makusudi. Mtu akisikia kwamba Northcote alichomwa mkuki na Wakisii, hudhani kuwa alikuwa mmoja wa wale wasiojali kujua chochote juu ya watu wanaowatawala. Sivyo. Alikuwa na elimu, na tena alikuwa na hamu ya elimu. Lakini elimu aliyoichuma ilikuwa ya Wajaluo, na mwaka 1907 akapelekwa kwa Wakisii.

Kwa msomaji wa pwani ambaye hajafika huko, tueleze kidogo. Wakisii, au Abagusii kama wanavyojiita wenyewe, wanakaa katika milima iliyo mashariki ya Ziwa Victoria, upande wa kusini. Nchi yao ni ya mvua nyingi na udongo mzuri, na leo imegawanyika katika kaunti mbili, Kisii na Nyamira, ambazo serikali zake zilianza mwaka 2013. Huko Tabaka huchongwa lile jiwe laini ambalo vinyago na sahani zake twaziona zikiuzwa Mombasa na Lamu, na huko Nyamira milima imejaa chai. Wajaluo ni jirani zao, lakini lugha ya Wajaluo na lugha ya Wakisii hazina udugu hata kidogo. Kikisii ni lugha ya Kibantu, na kwa asili yake iko karibu zaidi na Kiswahili chetu kuliko na Kijaluo. Zamani zile Wakisii hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa wa koo kubwa kubwa, Kitutu, Nyaribari, Mugirango, Bobasi, Machoge na Wanjare, na mambo yao mengi yaliamuliwa na wazee walioketi pamoja wakasemezana mpaka wakaafikiana. Watu wa namna hii ukiwapa amri ya ghafula bila ya mashauri, hata kama amri yenyewe ni nyepesi, umewavunjia heshima.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo twaliona ndilo kubwa katika habari hii yote. Northcote hakuwa Mwingereza wa kwanza kuingia kwa Wakisii. Mwaka 1905 serikali ilipeleka jeshi na polisi katika milima ile, wakiwa na bunduki za rasharasha. Mashujaa wa Kisii waliwaendea mbio na mikuki na ngao, wakaanguka kwa wingi kabla ya kuwafikia. Ng'ombe wakatekwa, nyumba zikachomwa. Kisha jeshi likarudi lilikotoka, likawaacha watu na maiti zao. Miaka miwili baadaye akaja Northcote, kijana wa miaka 26, kufungua makao ya serikali pale Getembe, ambapo leo ndipo mji wa Kisii. Alikuja na daftari, kodi ya nyumba na hukumu.

Yeye aliona anaanza kazi mpya. Wakisii hawakuona kitu kipya. Waliona mkono ule ule uliowapiga mwaka 1905 umerudi, na mara hii umekuja kukaa. Na jambo hili humpata kila anayeshika kazi baada ya mwingine. Mwalimu huingia katika chuo alichokiacha mwalimu mkali, akawakuta watoto wamekunja nyuso, hawajibu wakiulizwa, na akinyanyua mkono kufuta ubao wanajikinga vichwa. Akiwa hana busara atasema watoto hawa ni wakaidi, naye ataichukua bakora ile ile iliyoachwa pembeni. Akiwa na busara atajua kuwa ukimya wa watoto wale hauhusu yeye, ila ni deni la aliyemtangulia, na kwamba yeye ndiye aliyebaki kulilipa. Kazi huritiwa pamoja na majeraha yake. Vijana wa Kiingereza waliotumwa ng'ambo hawakufundishwa jambo hilo, na twaogopa kuwa hata katika vyuo vya ualimu vya leo hufundishwa kwa uchache.

Hapa sisi watu wa pwani tusijitoe. Kiswahili kilienea katika milima ile, kwa sehemu kubwa, kwa midomo ya askari na wakalimani wa serikali, na kwa Wakisii wengi wa wakati ule ilikuwa lugha ya kuitishwa kodi. Mkalimani anaweza kuyapitisha maneno yote yakafika, na makusudio yasifike. Mzee akisema neno kwa upole wa uchungu, mkalimani hutaja neno akauacha uchungu. Bwana mkubwa akisikia neno peke yake, hudhani mambo ni salama.

Mambo hayakuwa salama. Katika Kitutu palikuwa na mama mmoja mwenye umri, jina lake Moraa wa Ng'iti, ambaye watu walimheshimu kwa utambuzi wake. Yasimuliwa kuwa mama huyu aliwakemea wanaume wa ukoo wake kwa kuukubali utawala ule, akawaambia kuwa kama wao wamechoka kuwa wanaume basi wanawake watachukua silaha. Maneno kama hayo katika jamii yo yote ya Kiafrika ni moto juu ya makuti. Kijana wake aliyekuwa shujaa, Otenyo Nyamanterere, akayachukua. Katika Januari 1908 akamvizia Northcote njiani, akampiga mkuki wa mgongo. Northcote akaanguka akiwa hai.

Wengine husimulia habari hii kama kwamba iliishia pale, shujaa akampiga mkoloni, na hadithi imekwisha. Lakini yaliyofuata ndiyo yenye kilio. Northcote alikuwa kitandani akitibiwa, amri ikashikwa na wengine, na jeshi likatumwa kwa mara ya pili katika milima ile. Kosa la mtu mmoja likafanywa kosa la kabila. Watu zaidi ya mia moja waliuawa, wengi wao hata hawakuwa wamemwona Northcote kwa macho, na maelfu ya ng'ombe yakachukuliwa. Mauaji yalikuwa makubwa hata yakamshitua Winston Churchill, ambaye wakati ule alikuwa naibu wa waziri wa makoloni. Bwana huyo alikuwa ameteremka Mombasa miezi michache tu nyuma katika safari yake ya Afrika Mashariki, naye hakuwa mtu mwepesi wa kuwahurumia Waafrika. Hata hivyo zilipomfikia habari za simu huko London, alilalamika kwa maandishi kuwa watu wasio na kinga wanauawa bila ya haja.

Otenyo alikamatwa akauawa. Wakisii wanasimulia kuwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na katika miaka ya karibuni wazee wao wamekuwa wakidai kirudishwe.

Twataka kusimama hapa kidogo. Ghadhabu ya mnyonge ina mpaka, kwa sababu mnyonge ana mkuki mmoja. Ghadhabu ya mwenye nguvu haina wa kuizuia isipokuwa nafsi yake mwenyewe, na kwa hiyo mwenye nguvu ndiye mwenye haja zaidi ya hilmu. Mwalimu anayewachapa watoto arobaini kwa sababu mmoja wao amemcheka na hakumjua ni nani, afanya kwa kipimo kidogo lile lile lililofanywa Kisii kwa kipimo kikubwa. Hujiambia kuwa afanya hivyo ili amri idumu. Ukweli ni kwamba ameaibika, na aibu ikiingia katika moyo wa mkubwa huvaa kanzu ya haki, wala mwenyewe hajui. Ni kazi ngumu mtu kuivua kanzu hiyo akaitazama aibu yake ilivyo. Lakini asiyeiweza kazi hii hafai kukabidhiwa watoto wa watu, sembuse kabila.

Na je, amri ilidumu? Mwaka 1914, miezi ya mwanzo ya vita vikuu vya kwanza, Wajarumani walivuka mpaka kutoka Tanganyika wakaja mpaka mji wa Kisii. Wakuu wa Kiingereza wakauacha mji. Mwezi wa Septemba pakapiganwa hapo, Wajarumani wakarudi nyuma, na katika siku zile chache ambapo serikali haikuwako, Wakisii waliingia katika ofisi za serikali na maduka na misheni wakachukua kila kilichochukulika. Miaka sita ya amri, na siku ile fimbo ilipoondoka hapakubaki kitu. Watu hawakuwa wametulia, walikuwa wamengoja. Serikali iliporudi ikawatoza faini ya ng'ombe tena.

Kwa Northcote mwenyewe, alipona, akaendelea na kazi katika Kenya kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alihamishiwa Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na kuanzia 1930 Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1935 akafanywa gavana wa Guyana ya Kiingereza, huko Amerika ya Kusini, akakaa miaka miwili. Vyeo hivi hatutavieleza kimoja kimoja. Kupanda cheo si dalili ya kukua kwa mtu, na wengi hupanda ngazi wakiwa na tabia zile zile walizokuwa nazo chini. Lililotuvuta ni kazi yake ya mwisho.

Mwezi wa Oktoba 1937 alifika Hong Kong kuwa gavana. Vita vya Uchina na Japani vilikuwa vimeanza miezi mitatu nyuma. Mwaka uliofuata mji mkubwa wa Canton ukaanguka mikononi mwa Wajapani, na wakimbizi kwa malaki wakamiminika katika kisiwa kile na viunga vyake, wakalala njiani, kwenye ngazi za nyumba na juu ya mapaa. Wafanyakazi wa viwanda walikuwa katika dhiki. Desturi ya utawala wa kikoloni katika hali kama hiyo ilikuwa kuongeza polisi. Katika wakati wake akawekwa ofisa wa kazi, jina lake Butters, akaenda kutazama jinsi wafanyakazi wanavyoishi, mishahara yao, vyakula vyao na vyumba vyao, na mwaka 1939 taarifa yake ikatoka, ndefu na yenye kueleza mambo waziwazi. Hatusemi kuwa taarifa ile iliwaondolea watu umaskini wao. Lakini pana tofauti kubwa baina ya mtawala anayeuliza kwanza na anayetoza kwanza. Huko Kisii mwaka 1907 hapakutangulia swali.

Jambo la pili linawahusu walimu. Mwaka 1935, kabla Northcote hajafika, mkaguzi mmoja wa skuli kutoka Uingereza, Burney, alikuwa amezikagua skuli za Hong Kong, akaona kuwa serikali imeshughulika sana na skuli za Kiingereza za watu wachache, na skuli za msingi za Wachina zimeachwa, na walimu wake wengi hawakufundishwa kazi. Taarifa kama hizi kwa kawaida huwekwa kabatini zikaliwa na mchwa. Wasomaji wetu wana mifano yao ya karibu. Katika wakati wa Northcote kikafunguliwa, mwaka 1939, chuo cha kuwafundisha walimu, na mwaka 1941 kikapewa jina lake. Tazama jambo hili: katikati ya vita, wakimbizi wamejaa njiani, fedha zatakiwa kila upande, na serikali inafungua chuo cha walimu. Mwenye pupa angesema si wakati wake. Nasi twasema kuwa watoto hawangoji vita viishe ndipo wakue.

La tatu ndilo lililotufanya tukashika kalamu. Mwaka 1940 ilikuwa dhahiri kwa wenye macho kuwa Japani huenda ikaishambulia Hong Kong, na kuwa askari wachache waliokuwako hawataweza kuilinda. Heshima ya dola ilitaka isemwe kuwa patapiganwa mpaka mtu wa mwisho. Northcote, aliyekuwa Uingereza kwa ugonjwa, akaishauri serikali yake iwaondoe askari wale, ili raia wasije wakauawa na mji usije ukaharibiwa bure. Ushauri wake haukukubaliwa.

Tulizani maneno haya. Hapa ni gavana wa Kiingereza, mwenye cheo cha Sir, akiiambia dola yake iukubali udhaifu wake hadharani kwa ajili ya roho za Wachina wa sokoni. Ni ushauri unaomletea mtu lawama ya woga. Mtu wa miaka 26 hautoi, huona haya. Yaliyomo vifuani huyajua Mwenyezi Mungu peke yake, nasi hatuingii huko. Lakini mtu huyu alikuwa amekwisha kuona, akiwa kitandani na jeraha la mkuki mgongoni, ni kiasi gani cha watu wasio na hatia huweza kufa kwa ajili ya heshima ya serikali. Wako watu wanaoliona jambo kama hilo na moyo ukazidi kuwa mgumu, wakasema tulikosea kwa kutopiga zaidi. Wako wanaolisahau. Na wako wachache ambao jeraha lao huwafundisha maumivu ya mwingine. Kwa matendo yake ya uzeeni twamhesabu Northcote karibu na hao wachache.

Wako watakaotupinga. Watasema: kama alikua, mbona Wakisii hawakurudishiwa ng'ombe wao? Mbona chuo kiko Hong Kong na si Getembe? Hoja hii ni ya haki wala hatuna la kuipinga. Kutengenea kwa tabia ya mtu hakuwalipi waliodhulumiwa kabla hajatengenea. Haki ya mja hubaki shingoni mpaka ilipwe au asamehewe na mwenyewe, na mzee aliyeharibu watoto wa watu katika ujana wake kwa ukali hawezi kusema basi, sasa nimekuwa mpole, hesabu imefungwa. Wale watoto wako, wamekuwa watu wazima, na baadhi yao wanaogopa kitabu mpaka leo. Wajibu wake ni kuwaendea. Northcote hakuwaendea Wakisii, na hili ni pungufu kubwa katika maisha yake ambalo chuo cha ng'ambo hakilizibi.

Tena hatukubaliani na wale wanaosoma habari hii upande mmoja tu, wakadhani somo ni la Northcote peke yake. Moraa naye alikuwa kiongozi. Maneno yake yalikuwa na haki ndani yake, kwa kuwa nchi ilikuwa yao, na Wakisii wana haki ya kumheshimu kama wanavyomheshimu. Lakini kila mwenye ulimi unaoweza kuwasha vijana, naye ni dhamana. Mhubiri juu ya mimbari, mwanasiasa juu ya jukwaa, mwalimu mbele ya vijana wa miaka kumi na minane, wote wanashika kiberiti. Kiongozi wa wanyonge hulazimika kupima kile ambacho kiongozi wa wenye nguvu hawezi kulazimishwa kukipima: nani atakufa kesho kwa neno langu la leo. Huo ni uzito usio wa haki, na ndio uliowaelemea wazee wa Kitutu walionyamaza. Kunyamaza kwao hakukuwa woga wote.

Northcote aliondoka Hong Kong mwezi wa Septemba 1941, afya yake imevunjika, akampisha Sir Mark Young. Miezi mitatu baadaye, tarehe 8 Desemba, Wajapani waliushambulia mji, na siku ya 25 ukasalimu amri baada ya kuuawa watu wengi, askari na raia, kama alivyohofia. Young akachukuliwa mateka. Northcote alikufa mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 67.

Chuo cha walimu kilidumu na jina lake kwa zaidi ya miaka hamsini, kikatoa walimu wengi wa skuli za Hong Kong, mpaka mwaka 1994 kilipounganishwa na vyuo vingine. Huko Kisii aliitwa Nyarigoti, na kwa jina hilo angali anatajwa katika masimulizi ya wazee. Hatajwi peke yake. Akitajwa yeye hutajwa Otenyo, na akitajwa Otenyo huulizwa kichwa chake kiko wapi.